Mwendo wa Kumwingiza Marietha Ukumbini

Bagara, Babati
9 Februari 2025

Kwako mwanangu Conjesta,

Nakusalimu, na nyuma yangu wamepanga foleni wengine wanaokusalimu: mama yako mdogo Xaveria, ndugu yako Melkiadi, na mama yako mzazi, ambaye jana alipita hapa kuchukua mbegu za maharage. Sote tupo. Tunasubiri mvua kubwa. Viboko wa ziwani wameanza tena kupanda usiku kula bustani za watu, na watu wameanza tena kuandikia halmashauri. Shamba letu la Maisaka mwaka huu analisimamia Melkiadi. Mimi nimeamua kupumzika. Usiulize sababu, mtu aliyesimama mbele ya ubao maisha yake yote ana haki ya kukaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu hunifanya niseme mambo kabla sijayafikiria. Nawe jibu kwa karatasi. Mpe kondakta wa basi lolote la Mwanza kwenda Arusha. Wote wanamjua Mikidadi, mwenye duka la redio hapa stendi, naye atanifikishia.

Sasa jambo lenyewe. Sherehe ya kumuaga mdogo wako Marietha, ambayo ninyi vijana mnaiita sendofu, itafanyika tarehe 21 Juni. Mimi ni mwenyekiti wa kamati. Kama unavyojua, Krismasi iliyopita Marietha aliniomba nishike nafasi ya marehemu baba yenu: nitangulie mbele yake kuingia ukumbini, kwa muziki, kama wanaume wa ukoo wetu wanavyofanya kwa binti zao. Nilikubali, na sijabadilisha neno langu.

Kwa muziki huo nilikuwa nimekwisha kuzungumza na watu wa matarumbeta. Sasa Marietha anasema hataki matarumbeta. Anataka aingie kwa muziki wa dada yake. Nilimwambia kwamba ninavyoelewa mimi, muziki wa dada yake hauna mpigaji. Mtu anakaa mbele ya kompyuta na kompyuta inapiga kelele. Akanijibu kwamba sijawahi kuusikiliza. Hilo ni kweli, na mwalimu hasahihishi karatasi ambayo hajaisoma.

Basi niletee. Nitausikiliza kwa haki.

Baba yako mdogo,
Oswald Margwe


Kirumba, Mwanza
23 Februari 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama ilivyoniacha mimi. Mwanza ni joto na dagaa. Nimehamia chumba karibu na studio, kwa hiyo sasa nachelewa kazini kwa kupenda tu. Mwenye studio, kaka Muhammad, anakusalimu. Nilimwonyesha barua yako akaisoma mara mbili, akauliza kama bado unapokea wanafunzi.

Nimefurahi kupita kiasi kwamba umekubali kusikiliza. Ndani ya bahasha kuna flashi. Wimbo wa kwanza ni wangu, nimeuita "Karibu Ndani", nimeutengeneza kwa ajili ya Marietha. Mbili zinazofuata ni za wenzangu, maprodyuza wapya kama mimi: mmoja anajiita Besi Nzito, jina lake la ubatizo hataki tulijue, na mwingine ni Benadetha wa Sengerema. Kaka Muhammad anaandaa mkusanyiko wa nyimbo zetu vijana wa Kanda ya Ziwa, utatoka Julai, nami nimepewa nafasi ya wimbo mmoja.

Kuhusu mpigaji: yupo, Baba mdogo, ila hapigi zote kwa pamoja. Kila mdundo nauchagua, nauweka mahali pake, nausikiliza, nautoa, naurudisha. Wiki nzima naweza kushughulika na sekunde chache. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika insha hivyo, kwa kufuta zaidi ya kuandika.

Nina ombi. Studio zote zinatumia sauti zilezile zinazouzwa mtandaoni, ndiyo maana nyimbo zinafanana. Nataka sauti za nyumbani kwenu Bagara. Geti, pampu ya maji, ng'ombe, chochote. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzirekodi. Nitazipanga ndani ya wimbo na Marietha atazisikia akiingia.

Msalimie mama mdogo. Mwambie bado nina lile shuka alilonifuma.

Mwanao,
Conjesta


Bagara, Babati
16 Machi 2025

Kwako mwanangu Conjesta,

Marahaba. Bahasha imefika ikiwa na harufu ya dagaa, lakini imefika. Mvua imeanza kweli. Mama yako amemaliza kupalilia. Melkiadi amemchumbia binti wa Singe, mwalimu wa hesabu, na sasa anachana nywele kila siku.

Mikidadi alileta sabufa yake mwenyewe hapa nyumbani, akaichomeka, akakaa asikilize nami. Nilisikiliza kila wimbo mara tatu. Nimetoa alama, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kusikiliza.

Besi Nzito: 41 kati ya 100. Anapiga kitu kimoja mpaka vikombe kabatini vinahama. Ana nguvu lakini hana mada. Mwambie mwanzo si kelele, mwanzo ni ahadi.

Benadetha: 63. Ana subira. Kuna mahali ananyamaza kabisa, na Mikidadi alidhani umeme umekatika, akasimama kwenda kuangalia mita. Ndipo muziki ukarudi. Hilo nimelipenda, ingawa Mikidadi hakulipenda.

Conjesta: 58. Ungepata zaidi. Sauti zako ni safi na kila moja inajua kazi yake. Nakiri kwamba nilikosea kusema hauna mpigaji. Lakini unakimbia. Mtu anayemwingiza binti ukumbini hakimbii, hafukuzwi na nyuki. Mfikirie shangazi yako Dorothea na miguu yake. Wafikirie wazee wa Mbulu watakaokuwa kwenye msafara. Punguza mwendo.

Kuhusu sauti za nyumbani, nitaona.

Kamati imekubali kusubiri. Watu wa matarumbeta bado sijawapa jibu.

Baba yako mdogo,
Oswald Margwe


Kirumba, Mwanza
30 Machi 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Hongera kwa Melkiadi, na pole kwa huyo mwalimu wa hesabu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyia Melkiadi hesabu zake. Mimi nipo salama. Niliugua mafua siku chache, nikapona kwa supu ya samaki.

Alama zako zimeleta fujo hapa. Besi Nzito alisoma 41 yake kwa sauti mbele ya wote, akasema, "Mzee kasema kweli, sina mada." Tangu siku hiyo anazunguka studio akiuliza kila mtu mada ni nini. Benadetha amebandika 63 yake ukutani juu ya kompyuta. Sasa kila prodyuza anataka umsikilize. Nimeweka kwenye flashi nyimbo nne mpya. Mmoja ni wa kijana aliyesema asipofika 50 anarudi kuuza vocha, kwa hiyo tafadhali umwangalie kwa huruma.

Nimepunguza mwendo wa "Karibu Ndani". Sasa ni wa mtu anayetembea kwa furaha lakini ana adabu. Shangazi Dorothea ataumudu hata akiwa na beseni la zawadi kichwani.

Nakumbusha kuhusu sauti za nyumbani. Muda unakwenda, na bila hizo wimbo wangu hauna kwao.

Mwanao,
Conjesta


Bagara, Babati
21 Aprili 2025

Kwako mwanangu Conjesta,

Marahaba. Pasaka imepita vizuri. Mama yako mdogo alichinja kuku wawili, na mmoja alikuwa wa jirani, jambo ambalo bado tunalizungumza. Barabara ya kwenda Bonga imekatika kidogo kwa mvua, hivyo wakwe zetu watarajiwa hawakuja kututembelea. Amos, mchumba wa Marietha, alikuja peke yake, kwa miguu, viatu mkononi. Nimeanza kumpenda kijana huyo.

Yule muuza vocha nimempa 52. Asirudi kwenye vocha. Wengine maelezo yao yapo kwenye karatasi nyingine.

"Karibu Ndani" imepungua, lakini haijapungua vya kutosha. Bado inamdai mtu hatua kabla hajamaliza ile aliyonayo.

Nimetimiza agizo lako. Sauti za nyumbani nimezirekodi mwenyewe kwa simu ya Melkiadi, naye amezihamishia kwenye flashi. Nimezipanga kwa utaratibu na kuzitaja moja moja ili usichanganyikiwe.

Jambo jingine. Nimewaza kuhusu sherehe. Melkiadi ana miguu mirefu na suti mpya, na ni kaka wa Marietha kwa ukoo. Ingefaa yeye atangulie mbele yake kuingia ukumbini. Mimi nitakuwa nimekwisha kukaa mbele, meza ya wazazi, tangu mwanzo. Mwenyekiti wa kamati anatakiwa kuwa mahali ambapo anaonekana.

Nimemweleza Marietha. Alisema sawa. Halafu akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ukimaliza kupunguza mwendo kwa kadiri ya Melkiadi, utakuwa umemaliza kazi. Yeye hata ule wa kwanza angeuweza.

Baba yako mdogo,
Oswald Margwe


Kirumba, Mwanza
8 Mei 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Huku ni salama. Habari nyingine zitakuja baadaye.

Kwanza nilimpigia simu Shangazi Dorothea kumuuliza miguu yake inaendeleaje. Aliniuliza miguu gani. Jumapili ya Pasaka alicheza kwenye komunyo ya mjukuu wake mpaka soli ya kiatu ikabanduka, akacheza na hicho kimoja. Nilimpigia wimbo simuni, akasema hata mwendo wangu wa kwanza ulikuwa wa kulalia.

Pili nilisikiliza sauti zako. Nilicheka mpaka kaka Muhammad akatoka ofisini. "Sauti ya kwanza. Geti la nyumbani." Halafu geti. "Sauti ya pili. Pampu ya maji." Halafu pampu. "Sauti ya tatu. Ng'ombe, ambaye amekataa kulia, kwa hiyo tutasubiri." Muhammad anasema hajawahi kupokea sauti zenye adabu kama hizi.

Kisha nikasikiliza tena, nikaacha kucheka.

Kati ya geti na pampu kuna sauti ambayo hukuitaja. Ipo tena kati ya pampu na zizi. Njia hiyo naijua. Nimebebwa mgongoni mwako kuipita, na hatua zako zilikuwa mbili, moja nzito na moja nzito. Sasa zipo tatu. Ya kwanza ni ya mti unaogonga saruji. Ya pili ni ya mguu unaowekwa chini polepole. Ya tatu ni ya mguu unaoharakisha ili kuupokea mwenzake.

Sikumpigia mama kumuuliza. Nadhani nyote mna sababu yenu, na sitawauliza.

Ila nimefanya kazi. "Karibu Ndani" nimeuweka kando. Nimechukua zile sauti tatu na kuzifanya ngoma. Sikuzinyoosha. Kaka Muhammad alisema nizifute, muziki wa kuchezwa huhesabiwa nne, huu unahesabiwa tatu, na hakuna klabu itakayoupiga. Nilimwambia haujatengenezwa kwa ajili ya klabu. Akasema basi nimechezea nafasi yangu kwenye mkusanyiko. Nikamwambia nafasi ni yangu.

Pampu ndiyo besi. Geti linafungua wimbo. Ng'ombe hatimaye alilia, asante kwa kumsubiri.

Wimbo upo kwenye flashi, peke yake. Usimwite Mikidadi. Usiupe alama. Usikilize ukiwa umesimama.

Mwanao,
Conjesta


Bagara, Babati
25 Mei 2025

Kwako Conjesta,

Marahaba. Watu wa nyumbani ni wazima. Habari zangu zinafuata.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilikuagiza upange geti, pampu na ng'ombe. Ulichukua kitu ambacho hukupewa. Mtoto wa mtu mwingine angefanya hivyo ningemwandikia mzazi wake, lakini mzazi wako ni mimi.

Sasa nitakueleza. Mwezi Januari, ulipokuwa umekwisha kuondoka, nilimfukuza mbuzi wa jirani katika shamba la Maisaka nikateleza kwenye mfereji. Nyonga ikavunjika. Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa chuma. Mbuzi hakuumia. Wiki ileile ulikuwa umepata nafasi studio. Nakufahamu. Ungepanda basi siku hiyohiyo na nafasi ingeenda kwa mwingine. Niliwaapisha wote wasikwambie, na Marietha niliwahi kumwapisha kabla hajafungua mdomo.

Nilidhani kufika Juni nitakuwa nimepona. Kila Jumamosi, Xaveria akienda sokoni, nilikuwa nafunga geti na kuujaribu wimbo wako uani. Kila Jumamosi ulinishinda. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia upunguze. Kumtaja Dorothea hakukuwa uongo; nilisema umfikirie, sikusema anaumwa. Lakini najua nilichokuwa nafanya.

Wanaosimama kumtazama Marietha wasije wakanitazama mimi ninavyochechemea. Hiyo ndiyo sababu ya Melkiadi. Hakuna nyingine.

Wimbo wako niliusikiliza nikiwa nimekaa, kwa sababu uliniamuru nisimame. Geti likafunguka. Kisha nikausikia mwendo wangu, na niliujua kabla mtu hajaniambia, kama unavyoujua mwandiko wako. Nilizima.

Kesho yake niliuwasha tena. Mara hii nilisimama. Nilifika getini, nikageuka, nikarudi mpaka zizini. Haukunidai hatua. Ulinisubiri kila mara, na kila mara nilikuta mahali pangu pameachwa wazi. Xaveria alikuwa amesimama dirishani na kikapu cha sokoni mkononi. Sijui alirudi saa ngapi. Chai ya jioni hiyo ilikuwa na maziwa mengi kuliko kawaida.

Dorothea alikuja jana kwa mazoezi. Alichukua mpini wa jembe akanifuata nyuma, akinikejeli kwa kila hatua. Kufika zizini alikuwa hanikejeli tena, alikuwa anacheza. Alisema, "Kaka, hii kitu ina utamu wake hapa kwenye kiuno." Nilimwambia ajiheshimu.

Nimemrudishia Melkiadi miguu yake. Matarumbeta nimewaambia asanteni. Marietha namwingiza mimi.

Fimbo ninaiita fimbo. Daktari anaiita mkongojo. Nawe uiite fimbo.

Baba yako mdogo,
Oswald Margwe


Kirumba, Mwanza
13 Julai 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Nimefika salama. Basi liliharibika Katesh, tukakaa tukila mahindi ya kuchoma mpaka likapona. Mfuko wa maharage wa mama umefika bila kupungua, maana niliulalia.

Tangu nirudi natamani kukusimulia sherehe, ingawa wote tulikuwepo. Wewe ulikuwa mbele, hukuona yaliyokuwa nyuma ya mashine.

Unajua wahudumu walikuwa wamezikusanya fimbo za wazee wote mlangoni, kwa amri ya mwenye ukumbi, anayehofia vigae vyake vipya. Ya kwako tu iliachwa. Jovin, yule DJ, nilimpa flashi mapema, lakini hakuwa ameisikiliza. Geti lilipolia na mti ukagonga mara ya kwanza, mkono wake ulikwenda kuzima.

"Dada, hii inaruka."

"Hairuki. Subiri mlango ufunguke."

"Watu wananitazama mimi, dada. Mjini watasema Jovin ana mashine mbovu."

"Kaka Jovin, ukizima nitamwambia Shangazi Dorothea kwamba ni wewe."

Akaacha. Mlango ukafunguka, mkawa mnaingia, wewe na suti ya kahawia, Marietha nyuma yako. Watu hawakujua wapige makofi wapi, Baba mdogo. Nilimwona Mzee Gidahoda wa upande wa Amos, aliyekuja toka tambarare za Hanang na shuka lake, anainuka na kutoka nje. Nilidhani tumemchukiza.

Akarudi na fimbo yake. Akasimama pembeni ya njia mliyokuwa mnapita, na kila mti wako ulipogonga, na wake uligonga. Basi wazee wengine wakaanza kutoka. Mhudumu alijaribu kuwazuia mlangoni. "Wazee wangu, vigae." Mmoja akamuuliza, "Kwani na vigae vinaolewa leo?" Walirudi wote na fimbo, wa Mbulu na wa Hanang, na ule mdundo wa kwanza ukawa mkubwa kuliko spika za Jovin. Kufikia hapo vijana walikwisha kuupata. Wasio na fimbo walipiga visigino, na mama mdogo nilimwona na mwavuli. Jovin aliniambia sikioni, "Hii naomba uniachie."

Mlipofika katikati, Marietha aliinama akakunong'oneza, nawe ukacheka. Mimi sijawahi kukuona ukicheka mbele ya watu. Nilimuuliza, akasema nikuulize wewe.

Habari ya mwisho. Mkusanyiko umetoka. Kaka Muhammad aliusikiliza tena wimbo baada ya kuona video ya sherehe aliyoisambaza Jovin, akauweka wa kwanza, na hataki nimkumbushe alichosema Mei. Nimeupa jina "Geti Mpaka Zizini". Hapa Kirumba vijana wanaucheza wakiwa na vijiti vya mifagio. Wenzangu wawili wamekwisha kuufanyia rimiksi, yaani wamechukua wimbo wangu na kuujenga upya kwa namna yao. Ya Besi Nzito na ya Benadetha zimo kwenye flashi. Wanasubiri alama na hawalali.

Mwanao,
Conjesta


Bagara, Babati
3 Agosti 2025

Kwako mwanangu Conjesta,

Marahaba. Tumevuna. Mahindi ya Maisaka yamejaa ghala, na Melkiadi anatembea kama yeye ndiye aliyeleta mvua. Marietha alikuja Jumapili na Amos, wakaleta asali. Wanasikilizana. Amos bado anavua viatu kwenye matope na kuvibeba mkononi.

Fimbo za siku ile hazijatulia mpaka leo. Zilirudishwa mlangoni kwa fujo, na kila mzee aliondoka na ya mwenzake. Ya Mzee Gidahoda ipo Mbulu. Ya mtu wa Mbulu ipo kwake Hanang, na ameipenda, hataki kuitoa. Kila wiki kuna mzee anasafiri kwenda kwa mwenzake kwa ajili ya fimbo, anakula huko, anarudi na ileile. Mwenye ukumbi alileta malalamiko ya kigae kimoja. Kamati imempongeza kwa kuwa na vingine.

Marietha aliniambia hivi: "Baba mdogo, punguza mwendo, nimevaa viatu virefu." Sasa unajua kwa nini nilicheka. Usilitangaze hilo.

Rimiksi nimezisikiliza na Mikidadi, mara tatu kila moja. Nilimuuliza rimiksi ni nini hasa, akasema ni kama koti kuukuu unalompelekea fundi aligeuze ndani nje. Nimeridhika na maelezo hayo.

Benadetha: 70. Sijawahi kumpa mtu zaidi ya hapo, na asivimbe kichwa. Amekiacha kimya chake palepale kabla ya mti kugonga.

Besi Nzito: 66. Ameongeza kasi, jambo ambalo kwa wimbo huu ni utovu wa adabu. Lakini mwambie kwamba nimeiona mada. Ameupenda mwendo, na ameupenda kwa kweli. Amepanda alama ishirini na tano kwa miezi mitano. Wakati wangu shuleni ningemwita mbele ya mstari wapige makofi.

"Geti Mpaka Zizini": sikutoa alama. Mtahiniwa hasahihishi karatasi yake mwenyewe. Naweza kusema tu kwamba asubuhi nikienda kwa ng'ombe naisikia kichwani, na ng'ombe naye ameacha kukataa kulia.

Jambo la mwisho. Jumatano nilikwenda kwa daktari. Alitazama picha, akanitembeza kwenye korido, akasema nyonga imeunga vizuri kuliko alivyotegemea, na kwamba sasa niache mkongojo. Nilimwambia ni fimbo. Akasema, sawa Mwalimu, uiache fimbo.

Nilimjibu kwamba haiwezekani. Melkiadi anaoa Desemba, mwalimu wa hesabu ni yatima wa baba, na ameniomba mimi nimwingize ukumbini. Wimbo ni uleule. Daktari alisema naweza kuingia bila fimbo. Nilimuuliza, "Na ule mdundo wa kwanza aupige nani?"

Basi fimbo naitundika ukutani mpaka Desemba. Nyumbani natembea hatua mbili, moja nzito na moja nzito, kama zamani. Uje na flashi. Na usithubutu kuongeza kasi.

Baba yako mdogo,
Oswald Margwe